Upande wa Kushoto wa Bibi Harusi

Watu huniita mimi wakishaita wengine wote. Wameita daktari wa kawaida, wameita fundi wa kwato, wameita jirani aliyewahi kufuga farasi zamani, wamempaka mnyama kila dawa inayonuka, na siku wanapokata tamaa ndipo mmoja wao anapokumbuka kwamba kuna yule mwanamke wa sindano. Farasi akipona, wanasema alikuwa anaelekea kupona mwenyewe. Asipopona, nimemuua mimi. Ndiyo kazi yangu hiyo, na nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba siku hizi hasira nazihifadhi mpaka nifike garini na kufunga kioo.

Mimi ni daktari wa farasi. Nilisomea udaktari wa mifugo kama wenzangu, nikafanya kazi kwa dawa na visu kama wenzangu, kisha nikarudi darasani ukubwani kusomea akupancha, ile tiba ya kuchoma sindano nyembamba mahali maalumu mwilini ili maumivu yaachie. Nyembamba kweli. Farasi wengi hawashtuki hata kidogo. Wanaoshtuka ni wenye farasi. Siku nilipomwambia baba ninakwenda kusomea nini, aliweka kikombe chini akaniuliza, "Yaani nimekusomesha udaktari ili uje kuwa fundi cherehani?"

Jina likaninata. Wanafunzi wake walilidaka, wazazi wao wakalidaka, na mpaka leo wapo watu wanaonipigia simu na kuniita Daktari Cherehani kwa heshima zote, wakidhani ndivyo nilivyobatizwa.

Baba anafundisha watu kupanda farasi. Kila mtu anamwita Mwalimu, hata mama yangu. Uwanja wake uko nyuma ya nyumba, umezungushiwa uzio wa mbao, na somo lake ni moja tu tangu nilipokuwa sijui hata kufunga kamba za viatu: kaa katikati. Mtoto anayepanda kwa mara ya kwanza huambiwa kaa katikati. Tajiri aliyekuja na farasi wake wa bei mbaya huambiwa kaa katikati. "Farasi hajui jina lako wala cheo chako," husema, "anayajua makalio yako tu. Ukielemea upande, mgongo wake ndio unaolipa." Watoto hucheka wakisikia neno makalio, naye huwaacha wacheke, kisha huwaambia tena kaeni katikati.

Katika miaka yote ya sindano zangu hakuwahi kuniita nimtibie mnyama hata mmoja. Kwa hiyo alipopiga simu mwenyewe sikuamini masikio yangu.

"Bibi Harusi anasumbuliwa na mgongo," alisema. "Daktari mwingine kashindwa. Njoo na hivyo visindano vyako."

Unaona? Hata kwa baba yangu mzazi niliitwa mwisho.

Bibi Harusi ni farasi jike wa baba. Amepewa jina hilo kwa sababu hatoki bandani mpaka watu wote wawe wamesimama kumngoja. Ni wa baba peke yake. Mwanafunzi yeyote, hata awe hodari vipi, hajawahi kumpanda. Sasa alikuwa ameanza visa. Baba akimkalia, anakunja mgongo, analaza masikio nyuma, anachapa mkia kama anayefukuza nzi wasiokuwepo. Mara moja alikaribia kumwangusha Mwalimu mbele ya darasa zima, na hilo ndilo lililomkata baba maini.

"Nakupa mwezi huu," aliniambia. "Asipotengemaa, dalali anakuja kumchukua. Farasi asiyebeba hakai kwangu."

Sote tulio kwenye kazi hii tunamjua dalali. Ana lori lenye matundu ubavuni na ana adabu sana. Hununua farasi ambao hawahitajiki tena, na hakuna anayemuuliza anawapeleka wapi, kwa sababu sote tunajua anawapeleka wapi.

Nikaanza kazi. Kabla ya sindano mimi hutangulia na kidole gumba, nikibonyeza taratibu pande zote mbili za uti wa mgongo kutoka begani hadi kiunoni. Upande wa kulia Bibi Harusi alitulia kama vile ninampangusa vumbi. Upande wa kushoto, pale linapokalia tandiko, misuli iliruka chini ya kidole na mgongo mzima ukazama. Nikampa sindano, nikawaomba watu wanyamaze, nikangoja. Baada ya muda mdomo wake wa chini ukalegea na kuning'inia, macho yakawa mazito, akapiga miayo mirefu hadi magego yakaonekana. Hapo ndipo ninapoipenda kazi yangu. Kesho yake baba alimpanda, naye akaenda vizuri kabisa.

Siku chache baadaye maumivu yalirudi. Upande uleule, mahali palepale.

Nikarudia. Akapona. Yakarudi. Nikakagua kwato, nikakagua meno, nikamtazama akitembea kwenye saruji na kwenye mchanga. Nikalipindua tandiko na kukuta sufu ya ndani imelala upande wa kushoto, bapa kabisa, upande wa kulia ikiwa bado imetuna. Nikafurahi, nikadhani nimemkamata mchawi. Nikampelekea fundi wa matandiko, akalishindilia sufu mpya, na haikuchukua muda ikawa imelala tena kushoto. Nilimpigia simu nikamwambia sufu yake ni takataka. Naye alinijibu maneno ambayo sitayarudia hapa.

Kitu kimoja tu kilinipa moyo. Kwa miaka nimewahubiria watu waache kujivuta juu ya farasi kutoka ardhini, kwa sababu tandiko linavutwa na mgongo wa mnyama unapindwa. Nawaambia wapandie kwenye kingazi, basi, vidaraja viwili vitatu vya mbao, si kazi kubwa. Baba alikuwa akiviita vitanda vya wavivu. Sasa nilipofika nikakuta kingazi kipya kabisa karibu na lango la uwanja, kimepigwa rangi ya kijani.

"Nimefuata ushauri wako," alisema, akitazama pembeni.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Mtu mzima mimi, nina mume na watoto, nilikipiga picha kile kingazi. Nilimwonyesha mume wangu usiku ule kama vile nimepewa nishani, akaniuliza mbao zile ni za mti gani wa ajabu.

Ikafika Alhamisi ya mwisho. Dalali alikuwa aje kesho yake. Nilikuwa nimeinama kwenye mgongo wa Bibi Harusi, kidole kikiwa mahali palepale na misuli ikiruka vilevile, na machozi ya hasira yalikuwa karibu. Nyuma yangu alisimama mwanasheria. Huyu mama ana binti anayejifunza kwa baba, na ana farasi wake wawili ambao mimi huwatibu kila Jumatatu. Ndiye mteja wangu mkubwa. Marafiki zake wote wenye farasi walinijua kupitia kwake.

"Daktari," alisema, "mbona kwa Mwalimu sindano hazishiki? Kwangu zitashika kweli?"

"Kila farasi na mwili wake," nikajibu. Jibu la kijinga, lakini sikuwa na lingine.

"Cherehani imeishiwa uzi," alisema baba, na watu wakacheka. Mwanasheria naye akacheka kidogo, kwa ustaarabu, na hicho kidogo ndicho kilichonichoma zaidi.

Nilikwenda jikoni kwa mama kabla sijasema neno ambalo binti hasemi kwa baba yake. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma, akiyapaka rangi mabuti ya baba ya akiba. Amekuwa akiyapaka tangu nikiwa mdogo. Nilichukua la kulia na brashi nyingine, nimsaidie, angalau mikono yangu iwe na kitu cha kufanya.

Buti lilikuwa na zipu. Mtu alikuwa amelipasua kwa ndani, kutoka kifundoni hadi karibu na goti, akashona zipu nyeusi isionekane kwa mbali. Nikalitazama la kushoto. Halikuwa na zipu.

"Mama, hili limefanywa nini?"

"Limechakaa."

"La kushoto halikuchakaa?"

"Lete hapa, utajipaka rangi," alisema, akaninyang'anya.

Mimi riziki yangu ni kugusa viumbe wasiosema na kuona wanasogea wapi. Mama alikuwa amesogea.

"Ni goti au nyonga?"

"Mimi sijasema kitu."

"Mama."

Alilipaka lile buti kwa muda, mahali ambapo tayari palikuwa panang'aa. "Nyonga," alisema mwishowe. "Haikunjiki. Asubuhi namvalisha mimi, hata soksi. Hospitali hataki kusikia. Amenikataza nisimwambie mtu, na mtu wa kwanza kumtaja ulikuwa wewe."

Nilibaki nimeshika brashi. Mtu ambaye nyonga yake ya kulia haikunjiki hawezi kuurusha mguu wa kulia juu ya farasi kutoka ardhini. Atahitaji kingazi. Na akishakaa, kwa kuwa kulia kunamuuma, ataegemea kushoto, siku nzima, kila siku, na sufu ya tandiko italala kushoto, na chini ya sufu mgongo wa mnyama utapata kidonda kisichoonekana. Nikamkumbuka fundi wa matandiko wa watu nikaona aibu. Halafu nikakikumbuka kingazi. Ushauri wangu pekee aliowahi kuufuata maishani mwake, na wala hakuwa ameufuata.

Nikatoka. Somo lilikuwa limekwisha na magari ya wazazi yalikuwa yameondoka. Baba alikuwa anamzungusha Bibi Harusi mzunguko wa mwisho. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimesimama kwenye uzio ule nikimtazama farasi, maana ndiko nilikosomea. Safari hii nilimtazama baba. Kwa nyuma, bega la kushoto lilikuwa chini, mkanda wa suruali umeinama kama picha iliyotundikwa vibaya. Mwili mzima ulikuwa umemwagikia upande mmoja. Wanafunzi hawakuliona, kwa sababu ni nani anayemkagua mwalimu?

Aliposhuka kwenye kingazi, polepole, akijifanya anakagua hatamu, nilimpita bila kumwomba ruhusa nikampanda Bibi Harusi.

"Wewe!" alisema. "Shuka!"

Sikushuka. Nilikaa katikati, kama alivyonifundisha, nikamzungusha uwanja mzima mara kadhaa, kwanza akitembea, kisha akikimbia polepole. Masikio yalikuwa mbele. Mkia ulitulia. Mgongo ulibembea chini yangu, laini, bila kinyongo chochote. Niliporudi baba alikuwa ameingia chumba cha matandiko. Nikamfuata.

"Ni nyonga, Baba."

"Nyonga ya farasi?"

"Yako."

"Mama yako amesema."

"Buti limesema."

Aligeukia ukutani, akaanza kupanga hatamu ambazo zilikuwa zimepangwa. "Umesomea farasi," alisema. "Tibu farasi."

"Ndicho ninachofanya mwezi mzima! Namtibu leo, unamuumiza kesho. Ugonjwa wake ni wewe, Baba. Na ulikuwa unajua."

"Sikujua."

"Sufu ililala mbele ya macho yako. Wewe! Unayemwona mtoto aliyeelemea akiwa mwisho wa uwanja!"

Alikaa juu ya sanduku la brashi. Hakukaa, aliporomoka, mguu wa kulia ukabaki umenyooka mbele yake kama wa mtu mwingine. "Tangu wewe hujazaliwa," alisema, "nawaambia watu kitu kimoja. Sasa niende niwaambie Mwalimu mwenyewe kapinda?"

"Nyonga zinatibika. Kuna madaktari wa mifupa, si lazima hata wawe na cherehani. Nitakupeleka mwenyewe."

"Na kesho dalali akifika nimwambie nini? Nimeutangazia ulimwengu kwamba huyu farasi hafai."

"Mwambie ukweli."

Aliutazama mguu wake ulionyooka, kisha mlango. Nikaelewa kwamba alikuwa anapima, kweli kabisa, heshima yake upande mmoja na mnyama mzima upande mwingine, na damu ilinichemka.

"Kwa hiyo afe yeye," nilisema, "ili wewe uonekane umenyooka."

"Nenda nyumbani kwako," alisema baba.

Nikaenda. Njiani nilimtukana mpaka sauti ikakauka, kisha nikasimamisha gari kando ya barabara nikamlilia, kwa sababu sikuwahi kumwona akikaa vile.

Ijumaa asubuhi nilifika mapema, lakini lori lilikuwa limeshafika. Dalali alinisalimia kwa adabu yake. Wanafunzi walikuwa kwenye uzio, na mwanasheria alikuwa miongoni mwa wazazi, miwani ya jua kichwani. Bibi Harusi alikuwa ametandikwa. Alikuwa amewaweka wote wakingoja, kama kawaida yake, na sasa alisimama karibu na kingazi akitafuna hewa.

"Nimwone akibeba, Mwalimu," alisema dalali. "Mzunguko mmoja tu, nijue ninachukua nini."

Baba akapanda kile kingazi. Daraja la kwanza, la pili, mpaka juu. Akashika hatamu. Akaweka mkono juu ya tandiko na Bibi Harusi akalaza masikio kabla hata hajaguswa na uzito. Baba aliyaona yale masikio. Nilimwona anavyoyaona. Alisimama pale juu muda mrefu kiasi kwamba watoto wakaanza kunong'onezana.

"Hauzwi," alisema.

Dalali akasogea. "Mwalimu?"

"Hauzwi, nimesema." Akainua sauti, ile ya darasani. "Ila simpandi tena. Mgongo wake hauwezi kubeba mtu mzima, utabeba watoto tu. Binti yangu kajaribu na sindano zake, kashindwa. Ndiyo hivyo. Kashindwa."

Watu wote walinigeukia. Kila nilichokijenga kwa miaka, farasi kwa farasi, mteja kwa mteja, alikichukua akakitumia kufunika nyonga yake, mbele ya macho yangu, na hata hakupepesa.

"Ni kweli, Daktari?" aliuliza mwanasheria.

Ingetosha niseme maneno mawili. Yalikuwa yamekaa kwenye ncha ya ulimi, na nilikuwa na haki nayo. Nilimtazama baba. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameshika singa za Bibi Harusi, ameshikilia, kama mtu aliye kwenye ngazi inayotikisika, na nikaona kwamba kushuka kungemshinda.

"Ni kweli," nikasema. "Nimeshindwa."

Mwanasheria alishusha miwani machoni. "Basi Jumatatu usije kwanza," alisema. "Nitakupigia." Wote tulijua hatapiga. Akamshika binti yake mkono, akasogea kuzungumza na mama mwingine, na yule mama mwingine akanitazama mara moja kisha akatazama viatu vyake. Dalali alifunga mlango wa lori lake tupu, akaaga.

"Fundi," aliita baba kutoka juu ya kingazi. "Njoo hapa."

Nilikwenda. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikutaka kuuona uso wake, kwa hiyo nikampa mgongo, nikasimama mbele ya daraja la chini. Mikono yake yote miwili ikatua mabegani mwangu. Nilidhani atanigusa tu, ajiweke sawa. Lakini aliuachia mwili wake wote, na akashuka daraja moja, na jingine, na uzito wote ulishuka kushoto. Mguu wangu ulitaka kukunjika. Pale nyuma ya bega la kushoto misuli yangu iliruka, nikajua kwa mwili wangu mwenyewe jambo ambalo nilikuwa nalitafuta kwa kidole gumba mwezi mzima.

"Kaa katikati, Baba," nilisema kwa sauti ya chini, meno yakiwa yameumana.

"Siwezi, mama," alisema sikioni mwangu. "Siwezi."

Tukaanza kwenda hivyo kuelekea mlango wa jikoni, mimi mbele na yeye nyuma, mikono yake mabegani mwangu. Nilisikia mwanafunzi mmoja kwenye uzio akimwambia mwenzake kwamba Mwalimu ana huruma, tazama anavyomfariji Cherehani.